Sura ya Tisa: Jengo Lililojaa Mapazia

Kura ilikuwa ipigwe saa nane mchana, na kufikia saa mbili asubuhi Bi Futi hakuwa na kitu mkononi isipokuwa hasira.

Siku tisa nzima alikuwa ameupekua mradi wa Bwana Ghorofa kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, asimpate hata mmoja. Udongo wa kiwanja aliupeleka ukapimwe upya: mgumu, mkavu, unabeba. Hati ya ardhi, safi. Kibali cha ujenzi, safi, na sahihi zote zilikuwa za watu walio hai. Mthamini wa majengo mwenye miaka ishirini na miwili kazini anajua kwamba mradi usio na doa hata moja una jambo. Lakini kujua ni kujua, na ushahidi ni ushahidi.

Kazi aliyopewa ilikuwa moja tu. Chama cha akiba cha wauguzi wastaafu kilitaka kuingiza akiba yake ya uzeeni katika jengo la pili la Bwana Ghorofa, na kamati ya usimamizi ilimtaka aseme kabla ya kura kama hatari yake inabebeka. Wanachama mia tatu na arobaini. Akiba yote, si nusu. Jambo likiharibika, hao ni bibi za watu watakaozeeka kwa kuombaomba kwa wakwe.

Na mwenyekiti wa chama hicho, aliyeupigia debe mradi ule mchana na usiku, alikuwa mama yake mzazi. Watu wote humwita Metroni, maana aliongoza wodi miaka thelathini na hata madaktari walikuwa wakinyoosha makoti wakimsikia anakuja. Wiki mbili zilizopita alimwambia binti yake, "Wewe kila ukuta unaona ufa." Bi Futi akajibu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama." Tangu siku hiyo hawajasemeshana.

Basi ikabaki karatasi moja tu ambayo Bi Futi hakuwa ameigusa, na hakuigusa kwa aibu ya kifamilia: ripoti ya soko. Aliiandika Mchambuzi, mume wa mdogo wake.

"Karibu, shemeji!" Mchambuzi alisimama nyuma ya meza yake, tai imekaa sawasawa. "Umekuja na futi yako kunipima kimo?"

"Kimo chako nakijua, mdogo wangu alinilalamikia tangu siku ya harusi. Nimekuja kupima ukurasa wa kumi na nne."

Ukurasa huo ulisema kwamba jengo la kwanza la Bwana Ghorofa lina nyumba mia moja na ishirini, na zenye wakaaji ni mia moja na kumi na tatu. Juu ya tarakimu hiyo moja mradi wote ulikuwa umekaa. Kama jengo la kwanza limejaa, basi watu wanasubiri la pili kwa hamu. Ing'oe tarakimu hiyo, mradi unalala chali.

"Nani alikupa hii mia na kumi na tatu?"

"Hakunipa mtu. Nilihesabu mwenyewe."

"Uligonga milango mia moja na ishirini?"

Mchambuzi akacheka. "Nani anagonga milango siku hizi, shemeji? Nahesabu mapazia."

Akaeleza, na alipoeleza alikuwa na raha kama mpishi anayesifiwa. Orodha ya wapangaji inaweza kughushiwa, dalali anaweza kununuliwa, lakini mtu akihamia, kabla hata hajabandika sufuria jikoni, anatundika pazia. Dirisha tupu, nyumba tupu. Unasimama barabarani asubuhi na darubini, unahesabu mbele, unazunguka ua wa nyuma, unahesabu tena, umemaliza. Mbinu hiyo ilimpatia jina mjini. Mwaka jana aliendesha semina nzima juu yake, wajenzi wote wakubwa wakaja.

"Na Bwana Ghorofa alikuwepo?"

"Mstari wa mbele. Aliuliza maswali mawili mazuri sana, akanishukuru kwa mikono miwili."

"Ulipokwenda kuhesabu jengo lake, alijua unakuja?"

"Nilimwandikia barua wiki mbili kabla. Ni adabu ya kazi."

Juu ya meza palikuwa na bahasha nene yenye muhuri wa Bwana Ghorofa. Bi Futi akaiwekea kidole. "Na adabu hii je?"

Mchambuzi akanywea. Kisha akaisukuma bahasha mbele. "Fungua. Fungua, shemeji, nisije nikalala na dhana yako."

Bi Futi akaifungua. Ulikuwa mwaliko wa sherehe ya jiwe la msingi, na picha ya maua pembeni. Basi. Mzigo mmoja ukamshuka na mwingine ukampanda: kama shemeji hakuhongwa, huenda jengo limejaa kweli, na mama ndiye aliye sahihi.

"Nyumba njema si mlango," akasema akisimama.

"Fungua uingie ndani," Mchambuzi akamalizia. "Lakini hawatakufungulia."

"Wajaribu."

Msimamizi wa jengo alikuwa mtu mfupi mwenye shada la funguo kiunoni lililomvuta suruali upande mmoja. Alimpokea Bi Futi kwa tabasamu pana kupita kiasi, na bila kuulizwa akampeleka moja kwa moja ghorofa ya tatu. Huko kulikuwa na uhai wa kutosha. Ndara mlangoni, kitunguu kinakaangwa, mtoto anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu ukumbini na kugonga ukuta kwa makusudi. Mama kijana mwenye kitoto mgongoni akafungua mlango.

"Mnaishije hapa, mdogo wangu?"

"Vizuri, dada, nisiseme uongo. Maji yapo, umeme upo. Na lifti! Nilikohama nilikuwa naingoja mpaka mtoto analala mgongoni. Hapa nabonyeza tu, imefika, naingia peke yangu kama waziri."

"Hata saa moja asubuhi, watu wakienda kazini?"

"Hata saa moja."

Msimamizi akakohoa. "Lifti yetu ni ya kisasa. Ina kasi."

Bi Futi aliitazama lifti. Ilikuwa moja, ya watu sita. Nyumba mia na kumi na tatu, saa moja asubuhi, na hakuna foleni? Lifti iwe na kasi ya risasi, bado watu wangekanyagana mlangoni.

"Twende ghorofa ya saba," akasema.

"Haiwezekani, mama. Wapangaji wana haki ya faragha."

"Ya sita?"

"Faragha."

"Ya kumi?"

"Huko ndiko kwenye faragha zaidi."

Hapo msimamizi akafanya kosa ambalo hufanywa na watu wanaojiona wamejiandaa. Alitaka kumaliza ubishi. "Kama una shaka," akasema kwa kujiamini, "twende ukaone mita za maji. Mtu anaweza kusema uongo, mita haisemi uongo."

Chumba cha mita kilikuwa chini ya ngazi, mita mia moja na ishirini zimepangwa safu kumi, kila moja na namba ya nyumba. Bi Futi akapita na tochi ya simu. Zote, isipokuwa saba, zilikuwa zimetembea. Nyumba isiyo na mtu haitumii maji. Kwa hiyo mama yake alikuwa sahihi, na yeye ni mwanamke mbishi aliyemwaibisha mzazi wake bure.

Lakini mthamini hufundishwa kusoma kila kitu mara mbili. Akarudi mwanzo, sasa akisoma tarakimu zenyewe. Ghorofa ya kwanza: kumi na mbili, kisha sita tupu. Ya pili: sita tupu. Ya tatu: thelathini na moja, tisa, ishirini na nne, kumi na saba. Ghorofa ya nne: sita, sita, sita, sita, saba, sita. Ya tano: sita, sita, sita. Mpaka juu, sita tupu.

Alipiga picha safu zote kumi bila haraka.

"Wapangaji wako wa juu wanapendana sana," akasema. "Wote wanaoga sawasawa."

Msimamizi akajifanya kufuta vumbi kwenye mita ya karibu.

"Anayefungua mabomba ni wewe mwenyewe, au una msaidizi?"

"Mabomba gani, mama?"

"Hili la uniti saba ulichelewa kulifunga."

Shada la funguo likalia kidogo kiunoni. "Mimi nina familia, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Naishi hapa hapa, nyumba ya ghorofa ya kwanza. Usiniulize."

Kumi na mbili za ghorofa ya tatu na moja ya msimamizi. Kumi na tatu. Lakini Bi Futi hakushangilia bado. Bwana Ghorofa angesema mita ni mbovu, angesema kuna bomba linavuja, angeleta fundi wake aapishwe. Halafu kulikuwa na mapazia ya shemeji, mia na kumi na tatu, yanaonekana na kila mwenye macho. Akatoka akavuka barabara, akageuka kulitazama jengo.

Maua. Maua mekundu makubwa karibu kwenye kila dirisha, ghorofa baada ya ghorofa, rangi imekolea. Lilipendeza, lazima aseme kweli. Ghorofa ya tatu tu ndiyo iliyoharibu sura: mapazia yake yalikuwa yamepauka, meupe meupe, hata huwezi kujua ua lake ni lipi.

Kisha akapiga simu.

"Shemeji, njoo. Acha hesabu huko, njoo na macho."

Mchambuzi alifika akihema, darubini shingoni. Akatazama. "Mia na kumi na tatu. Kama nilivyosema."

"Usihesabu, baba. Tazama. Ukikaa sebuleni kwako, pazia lako lina nini?"

"Majani. Ya kijani. Mke wangu aliyachagua, mimi nilitaka mistari."

"Na ukisimama nje, barabarani, majani unayaona?"

"Kutoka nje? Kutoka nje unaona mgongo wa..." Akaitazama ghorofa ya tatu, kisha ya nne, kisha ya kumi. "Lahaula."

"Anayeishi ndani anataka ua limtazame yeye. Mapazia haya yanamtazama nani?"

"Mimi," akasema Mchambuzi. Akakaa ukingoni mwa barabara na tai yake na suruali yake ya pasi, vumbi asilijali. "Yananitazama mimi. Nimewafundisha mwenyewe, shemeji! Nimewachorea na picha! Hata nyumba saba wameziacha wazi nisishtuke. Nimekwisha."

"Hujaisha. Bado una saa tatu. Inuka, unachafua suruali atakayoifua mdogo wangu."

Mtu aliyetundika mapazia mia hakuyashona kwa mkono. Kona ya barabara hiyo hiyo palikuwa na kibanda cha fundi cherehani, na vipande vya kitambaa chenye maua mekundu vilikuwa vimejaa kwenye kikapu cha takataka. Fundi alipoulizwa akang'aa uso.

"Yale? Kazi ya mikono yangu! Madirisha mia mbili, siku tisa, mimi na vijana wawili. Mgongo mpaka leo haujanyooka."

"Hukuona ajabu, uso kuangalia nje?"

"Niliona! Nilimwambia, bwana, mbona unawanyima wakaaji ua lao? Akaniambia, fundi, wakaaji niachie mimi." Akafungua daftari lake la vipimo. Palikuwa na upana, urefu, namba za nyumba kutoka ghorofa ya kwanza, ya tatu imerukwa, na chini kabisa tarehe na sahihi ya Bwana Ghorofa, yenye mkia mrefu. Tarehe ilikuwa siku mbili baada ya barua ya adabu ya Mchambuzi.

"Utakuja nalo mkutanoni saa nane?"

"Nafunga duka sasa hivi," akasema fundi. "Sijawahi kuitwa mbele za watu kwa kazi yangu."

Ukumbi wa chama ulijaa mpaka madirishani. Mbele palikuwa na meza, mkataba umefunguliwa ukurasa wa sahihi, na sanamu ndogo ya jengo la pili ndani ya kioo, pamoja na miti yake midogo ya plastiki. Metroni alikaa katikati, mgongo wima. Bwana Ghorofa alikuwa amesimama, suti ya kijivu, sauti ya asali.

"Mama zangu, mmetuzaa, mmetuchanja, mmetutibu. Sasa ni zamu yetu kuwatunza. Jengo la kwanza limejaa pomoni. Sisemi mimi, anasema mtaalamu, tena mkwe wa mwenyekiti wetu."

Makofi. Bi Futi akasimama katikati ya makofi hayo na mkono juu. Metroni akamtazama kama asiyemjua.

"Dakika tano," Metroni akasema. "Zisizidi."

"Nina swali moja, mama zangu, na si kwa Bwana Ghorofa, ni kwenu. Nani kati yenu ametundika pazia nyumbani kwake, ua likatazama barabarani?"

Kicheko kikapita ukumbini. "Ili iweje?" akauliza mmoja wa nyuma. "Niwapambie wapita njia?"

Projekta ya Bwana Ghorofa ilikuwa bado inawaka, na ingekuwa dhambi kuiacha bure. Bi Futi akaweka picha ya jengo ukutani, pana, kila dirisha linaonekana. Kicheko kikakatika.

"Hee!" bibi mmoja mwenye mkongojo akasema. "Jengo limevaa nguo kinyume!"

"Ni mapambo tu," Bwana Ghorofa akasema haraka. "Ladha ya watu. Na wapangaji muda huu wako kazini."

"Wako kazini tangu lini?" Bi Futi akaweka picha ya pili, mita za maji. "Hizi ni uniti za nyumba zako, bwana. Ghorofa ya tatu, thelathini na moja, tisa, ishirini na nne. Huku juu kote ni sita. Kapera ni sita, mwenye mapacha ni sita."

"Mita zina hitilafu! Nitaleta fundi."

"Nipe hiyo karatasi," akasema Metroni.

Ukumbi ukatulia. Bi Futi akampelekea nakala aliyoichapa. Metroni akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu, sita, sita, sita, kama alivyopitisha kidole kwenye chati za wagonjwa kwa miaka thelathini. Alipofika chini alivua miwani, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwenyekiti. Ilikuwa ya wodini.

"Nilipokuta wagonjwa mia wote wana joto moja, sikuwahi kusema wamepona," akasema. "Nilikwenda kumtafuta aliyejaza chati akiwa amekaa kitini. Bwana, chati hii ameijaza nani?"

Bwana Ghorofa akafungua mdomo, na wakati huo huo mlango wa ukumbi ukafunguka. Fundi cherehani akaingia na daftari kifuani, amevaa shati la sikukuu. Alimwona Bwana Ghorofa, akapunga mkono kwa furaha.

"Bwana mkubwa! Vipi, mapazia yamekaa vizuri?"

Wauguzi mia tatu waligeuka kumtazama Bwana Ghorofa kwa pamoja. Asali yote ilikuwa imemkauka kooni. Daftari likapita mkono kwa mkono, tarehe ikasomwa kwa sauti, sahihi yenye mkia ikalinganishwa na ile iliyokuwa tayari kwenye mkataba. Ulikuwa mkia ule ule.

Kisha Mchambuzi akasimama. Hakuna aliyemwita. Angeweza kukaa kimya na kumwachia shemeji yake aibu yote ya kusema.

"Mama," akamwambia mkwewe, kisha akageukia ukumbi. "Mama zangu. Tarakimu ya ukurasa wa kumi na nne ni yangu, na ni batili. Nilidanganywa kwa mbinu yangu mwenyewe, kwa sababu nilisimama barabarani badala ya kupanda ngazi. Zenye watu si mia na kumi na tatu. Ni kumi na tatu. Ripoti nimeiondoa, na sababu nitaiandika kwa jina langu."

"Na maana yake kwa akiba yenu," Bi Futi akadakia, "ni hii. Soko halina njaa, limeshiba mpaka linacheua. Jengo moja limeshindwa kujaa. Mkijenga la pili pembeni yake, hamtapata mpangaji, mtapata mapazia."

Sasa ukumbi ulikuwa unavuma. Bwana Ghorofa alikusanya karatasi zake, akaiacha ile sanamu ya kioo, akaelekea mlangoni kwa hatua za mtu anayejizuia kukimbia. Mlangoni, kwenye kiti cha mwisho, alikuwa amekaa afisa mmoja wa upelelezi wa ulaghai ambaye katibu wa kamati alimwalika tangu saa sita, baada ya simu ya Bi Futi. Alisimama, akamfungulia mlango kwa heshima, akatoka naye.

Vigelegele vilianzia nyuma vikaja mbele. Yule bibi wa mkongojo aliupiga sakafuni kama ngoma. Mtu alimkumbatia fundi cherehani, ambaye bado hakuelewa vizuri alichofanya lakini alikubali sifa zote.

Metroni akanyanyuka. Hakuomba utulivu, alisimama tu, na utulivu ukaja.

"Mimi ndiye niliyewaambia muweke," akasema kwenye kipaza sauti. "Nilipita nyumba kwa nyumba. Nilikosea. Na aliyejaribu kunizuia nilimnunia wiki mbili, nikamwita mbishi mbele ya ndugu zake." Katika miaka thelathini ya wodi hakuna mtu aliyewahi kumsikia akiomba radhi, daktari wala waziri. "Nisamehe, mwanangu."

Bi Futi akasogea mpaka mezani. "Piga kura, mama," akasema, machozi yanamtoka waziwazi, mkono wa shemeji yake begani. "Yameisha. Piga kura."

Metroni akaufunika mkataba. "Wanaoafiki?"

Hakuna hata mmoja.

"Wanaokataa?"

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wake mwenyewe, na mingine mia tatu thelathini na tisa ikafuata kabla hajauteremsha.